Kompyuta Inapogoma Kuwaka: Tuufuate Mfereji Kuanzia Banioni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya teknolojia na maendeleo ya taifa. Nilikubali, nikaandika kurasa sita. Lakini jana jioni, nilipotembezwa hadi stoo ya shule, nilibadili nia. Humo nilikuta kompyuta 11 zimepangwa ukutani, na juu yake karatasi yenye neno moja tu: MBOVU. Baadhi yake tulizileta sisi wenyewe, wanachama wa chama hiki, tukapiga na picha za kumbukumbu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, zile kurasa sita nimeziacha chumbani. Nataka tuzungumze juu ya jambo moja dogo. Kompyuta inazimika ghafla katikati ya kazi. Unabonyeza, haiwaki, au inawaka nusu, kisha inakwama. Tufanye nini? Nalisema hili mimi ambaye si fundi wa kompyuta. Mimi ni mtumishi wa Serikali wa kawaida, ambaye jambo hili dogo lilimwaibisha mbele ya mzee mmoja, na hadi leo sijalisahau.

Mzee mwenye mfuko wa nailoni

Mwaka 2006 nilikuwa bado mgeni kazini, nimetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shahada yangu mkononi. Wenye umri wangu mtakumbuka kuwa ule ulikuwa mwaka wa ukame na mgawo wa umeme. Ofisi niliyopangiwa, ambayo sitaitaja, ilinipa kazi ya kuhakiki madai ya walimu: uhamisho, likizo, nauli za kustaafu. Nilipekua majalada, nikawahoji wazee mmoja mmoja, nikaandika kila kitu katika kompyuta moja. Ilikuwa kazi ya miezi mitano, na nakala yake ilikuwa moja tu, ndani ya mashine ile ile.

Mashine hiyo ilianza kuugua taratibu. Ikifanya kazi kama dakika 20, inazimika. Ukiibonyeza papo hapo, haikubali. Ukiiacha ipumzike, ukaenda kunywa chai, ukirudi inawaka. Sisi tukalaumu umeme. Siku moja ikazimika, na tulipoiwasha ikaishia kwenye kioo cha bluu chenye maandishi meupe. Ikajaribiwa tena na tena, ikaishia pale pale.

Tukamwita kijana mmoja wa mjini. Hakuuliza ilianza lini wala inazimikaje. Alisema, "Hii dawa yake ni kupiga Windows tu, bosi." Nikamwambia piga. Jioni kompyuta ikawaka, inang'aa kama mpya. Nikafungua mahali palipokuwa na orodha yangu. Hapakuwa na kitu.

Na je, ugonjwa uliisha? La hasha. Kesho yake, baada ya dakika 20, ikazimika tena. Baadaye sana fundi mwingine aliifungua, akakuta feni ya prosesa imezibwa na vumbi jekundu hadi haizunguki. Ugonjwa ulikuwa joto. Mashine ilikuwa ikijizima yenyewe ili isiungue, na kule kuzimika ghafla mara kwa mara kukaharibu mafaili ya kuanzishia mfumo. Orodha yangu ilikuwa salama kwenye diski siku ile yote, mpaka tulipoifuta kwa mikono yetu.

Wiki hiyo hiyo aliingia ofisini mzee mmoja kutoka Mgeta. Alikuwa ameshuka na gari la kabichi. Ndiye aliyenifundisha darasa la tatu. Nikasimama, nikamwamkia: "Shikamoo, mwalimu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Nimefuata yale madai yangu." Nilimweleza ukweli. Akakaa kimya, kisha akatoa mfuko wa nailoni kifuani. Ndani mlikuwa na barua zake zote za uhamisho, na tiketi zake, zimenakiliwa kwa mkono na kugongwa mhuri.

Akaniambia: "Mwanangu, mashine mimi siijui. Ila nilijua karatasi huliwa na panya, ndiyo maana nikaweka nakala tatu. Hiyo yako panya wake ni nani?"

Sikuwa na jibu. Madai yake yeye tuliyarudisha kwa siku moja. Lakini si wote waliokuwa na mfuko wa nailoni. Wako ambao hati zao hazikuonekana tena kwenye majalada, na maelezo waliyonipa kwa mdomo yalikuwa yameandikwa mle tu. Wakasubiri mwaka wa fedha uliofuata. Mmoja wao hakuufikia.

Ndugu Mwenyekiti, ndiyo sababu jana nilipoliona lile neno MBOVU nilishindwa kulala vizuri.

Si jambo jipya nchini mwetu

Vijana wasidhani kwamba kugombana na kompyuta kumeanza juzi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya hesabu za Serikali ilipotiwa kwenye mashine ilikwama, ikabidi kurudi kwenye njia ya vitabu. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali maalum, na miaka mingi ilipita kabla mlango haujafunguliwa tena. Sisimami hapa kuwahukumu wakubwa wa wakati ule. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mafundi wenye ujuzi walikuwa wa kuhesabika. Nasema tu kwamba kuandika MBOVU ni rahisi, na gharama yake huja polepole.

Wala si kwetu tu. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma marekebisho yenye kosa katika programu yake ya ulinzi. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta kama milioni 8.5 duniani zikaishia kwenye kioo cha bluu. Ndege hazikuruka, na hospitali ziliahirisha kazi. Dawa yake ilikuwa nini? Haikuwa kupiga Windows upya. Ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali ya usalama, kulifuta faili moja lenye kosa, na kuiwasha tena. Waliojua mahali pa kutazama walimaliza kila mashine kwa dakika chache.

Somo la mjomba

Kwetu Uluguruni, kama mjuavyo, mjomba ndiye mlezi. Mjomba wangu alilima viazi, karoti na kabichi kwenye matuta ya Mgeta, akinywesha kwa mfereji. Asubuhi moja maji hayakufika shambani. Mimi, mtoto wa shule, nikashika jembe nikaanza kuchimbua tuta letu, nikidhani limeziba. Mjomba akaninyang'anya jembe. Akasema twende banioni, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Tukapanda. Banioni maji yalikuwapo. Tukateremka na mfereji hatua kwa hatua: maji yapo, yapo, yapo, hapa hayapo. Basi tatizo liko kati ya hapa na pale tulipoyaona mara ya mwisho. Likawa ni jani la mgomba na udongo kidogo. Aliliondoa kwa mguu.

Kompyuta nayo ni mfereji. Umeme hutoka ukutani, ukaingia kwenye sanduku la kugawa umeme, ukafika kwenye ubao mkuu, prosesa na kumbukumbu vikaamka, diski ikasomwa, ndipo mfumo endeshi ukapanda. Anayekimbilia kupiga Windows kabla ya kuufuata mfereji anachimbua tuta lenye viazi vyake mwenyewe.

Basi tuufuate pamoja.

Kwanza, acha kubonyeza. Chukua daftari. Andika: ilianza lini? Ilikuwa ikifanya nini? Kuna kitu kipya kilichowekwa, programu au kifaa? Kioo kimeandika maneno gani? Yanakili, au yapige picha kwa simu. Kama umesikia harufu ya kuungua au umeona moshi, chomoa plagi na usijaribu tena. Ukisikia diski inagonga tik, tik, tik, zima pia. Diski inayogonga inakufa, na kila unapoiwasha unaipunguzia maisha.

Pili, nenda banioni, yaani kwenye umeme. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Inawaka? Badili waya wa umeme kwa waya wa kompyuta iliyo nzima. Tazama swichi ndogo nyuma ya kasha; mara nyingi mfagiaji ameigusa. Kompyuta nyingine za mezani za zamani zina kitufe chekundu cha kuchagua volti: lazima kisome 230. Kikisoma 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio mmoja na sanduku litakuwa limekwisha. Kwa kompyuta ya mapajani, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu.

Tatu, sikiliza kama ina uhai. Taa zinawaka? Feni inazunguka? Inatoa milio? Milio hiyo ina maana, na kila mtengenezaji ana yake. Itafute kwenye kitabu cha mashine hiyo. Kama feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, hakikisha kwanza kioo chenyewe kinapata umeme na waya wake umekaza. Ikiwa bado, shuku kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Chomoa plagi kabisa, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini ukutoke, toa vile vipande vya ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka visikike vimeshika. Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja. Kompyuta nyingi zilizotangazwa kufa zimefufuka kwa raba ya shilingi chache.

Nne, joto. Kompyuta inayozimika baada ya muda ule ule, na kuwaka ikipoa, inakwambia ugonjwa wake kwa sauti kubwa. Vumbi la Morogoro mnalijua. Fungua kasha, piga mswaki kwa brashi laini, huku umeishika feni isizunguke. Ile dawa kama ya meno iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea hukauka kwa miaka; ipanguswe, ipakwe mpya. Na msiweke kompyuta ya mapajani juu ya godoro. Mnaziba pua zake.

Tano, saa. Kama kila ukiiwasha inarudi tarehe ya miaka ya nyuma, betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Kwa kawaida ni namba CR2032, ya volti 3. Ikiisha, mashine inaweza kusahau hata diski ipi ianzie.

Sita, diski. Ikiandika kwamba haioni mahali pa kuanzia, kabla ya kuhuzunika tazama kama kuna flashi iliyosahauliwa imechomekwa. Mashine inajaribu kuanzia humo. Ichomoe, washa tena. Kama si hiyo, kaza nyaya za diski.

Saba, mfumo endeshi. Hapa ndipo tunapofikia mwisho wa mfereji. Kama nembo inatokea kisha inakwama, umeme, kumbukumbu na diski angalau vinasomeka. Jaribu hali ya usalama. Katika Windows 7 na za kabla yake ni kubonyeza F8 mapema. Katika Windows 10 na 11, ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo unaweza kuondoa marekebisho ya mwisho, au kuirudisha kwenye hali ya siku za nyuma.

Na hapa, vijana, andikeni mstari huu chini yake mpige mistari miwili: kabla ya kutengeneza chochote kwenye diski, toa mali iliyomo. Diski inaweza kufunguliwa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine. Au mashine inaweza kuwashwa kwa flashi yenye Linux, ambayo ni ya bure, ukanakili mafaili yako nje. Mwaka 2006 sikuyajua haya. Kama ningeyajua, mzee yule angenikuta na jibu. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa siri. Kwa Windows, ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Uandike na uuhifadhi mbali na mashine, maana bila huo hata fundi bingwa hatakufungulia.

Nane, na mwisho kabisa, ndipo mtu apige Windows. Si dhambi kufanya hivyo. Dhambi ni kuanza nacho.

Kila hatua, badili kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukibadili vitatu kwa pamoja na ikawaka, hujui kilichoponya. Isipowaka, hujui ulichoharibu. Na liko sanduku moja ambalo hamtalifungua: sanduku la kugawa umeme. Ndani yake umeme hubaki hata plagi ikiwa imechomolewa. Hilo hubadilishwa zima zima.

Stoo jana usiku

Baada ya kuiona ile stoo, Ndugu Mwenyekiti, nilimwomba Mkuu wa Shule ruhusa, nikakaa na vijana wanne wa kidato cha tatu. Tulikuwa na bisibisi moja, brashi ya rangi, raba, na waya mmoja mzima. Kwa saa tatu tulizipima kompyuta tano kati ya zile 11. Moja ilikuwa na waya wa umeme uliokatika ndani. Moja ilihitaji raba tu. Ya tatu feni yake ilikuwa imejaa vumbi kama lile la mwaka 2006. Nilipoliona nilinyamaza kidogo, vijana wakadhani nimechoka. Hizo tatu zimewaka, na leo asubuhi zimefanya kazi bila kuzimika. Mbili hazikuwaka: moja ubao wake mkuu umevimba vile vimkebe vidogo, nyingine diski inagonga. Hizo kweli ni mbovu, lakini sasa twajua ubovu wake ni upi, na ramu zake zitasaidia nyingine.

Jambo lililonifurahisha zaidi halikuwa kuwaka. Kijana mmoja, ile ya pili ilipowaka, mwenzake alitaka kuifuta ianze upya. Akamzuia: "Subiri, tuangalie kwanza kuna kazi ya nani ndani." Mlikuwa na alama za mitihani za miaka miwili, ambazo mwalimu wa taaluma alikwisha kata tamaa nazo.

Maombi yangu

Ndugu zangu wanachama, tumezoea kuchangia kompyuta. Mwaka huu naomba tuchangie mambo ya bei ndogo zaidi. Tununue vifaa vya UPS na vya kurekebisha umeme, maana umeme unaopanda na kushuka huua kuliko uzee. Tununue bisibisi, brashi, dawa ya prosesa, betri za saa, diski mbili za nje za kuwekea nakala. Kila kompyuta iwe na daftari lake, kama kadi ya mgonjwa: iliugua lini, ilitibiwaje, na nani. Mafundi waliomo chamani humu tujipange tuje mara moja kila muhula, tukae na vijana hawa. Mimi nimeanza, bado kuna sita kule stoo.

Nanyi vijana, masika yakianza na radi kunguruma kule juu Lupanga, chomoeni plagi, na waya wa intaneti pia. Kazi yoyote inayowagharimu zaidi ya siku moja, iwekeni mahali pawili, na pa tatu pawe mbali na chumba hicho. Mwalimu wangu wa darasa la tatu hakuwahi kugusa kibodi, lakini nakala zake tatu zilishinda shahada yangu.

Ndugu Mkuu wa Shule, kwa ruhusa yako, kabla sijaondoka leo naomba ile karatasi ya stoo ibanduliwe. Mahali pake tuandike: BADO HAZIJAPIMWA.